Swali Ambalo Hakuna Anayeliuliza Baada ya Uzinduzi

Katikati ya miaka ya 1990, shule kadhaa za msingi katika eneo la Busia, magharibi mwa Kenya, zilipewa vitabu vya kiada bila malipo, huku nyingine zilizofanana nazo zikiendelea kama kawaida. Waliopanga hivyo, kikundi cha wanauchumi akiwemo Mmarekani Michael Kremer, walitaka kulinganisha makundi hayo mawili na kuona vitabu vinaongeza nini. Karibu kila mtu alidhani analijua jibu. Darasa ambalo watoto wanabanana juu ya kitabu kimoja likipata vitabu vya kutosha, alama zitapanda, nani angebisha? Matokeo yalipopatikana, wastani wa alama haukuwa umepanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa wakiongoza darasa tangu awali. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, ambacho kwa watoto wengi wa vijijini huko ni lugha ya tatu baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili, na vilifuata kasi ya mtaala ambayo mwanafunzi wa kawaida alikuwa ameshaachwa nayo nyuma. Mtoto aliyehitaji msaada kuliko wenzake ndiye aliyepokea kitabu asichoweza kukisoma.

Kisa hicho hunijia kila ninapoona picha ya mheshimiwa akikabidhi kitu: madawati, cherehani, matangi ya maji, vitabu vilevile. Sina ugomvi na utoaji, na shule isiyo na vitabu haifai kusifiwa kwa sababu ya utafiti wa mtu yeyote. Ninachotaka kukijadili ni kinachofuata baada ya hema kung'olewa na viti vya plastiki kurudishwa kwa mwenyewe. Mara nyingi hakifuati kitu. Hakuna anayerudi baada ya miezi sita kutazama kama tangi bado linashika maji, au kama cherehani ziko kwa wale waliopigwa picha nazo. Tumezoea kuusifu udadisi kana kwamba ni uchangamfu wa tabia, pambo la mtu aliyesoma sana na kusafiri sana. Hoja yangu ni finyu zaidi. Kwa kiongozi, udadisi wenye thamani ni ule wa kuuliza kama jambo alilolifanya yeye mwenyewe limezaa matunda, akiwa tayari kuambiwa kwamba halikuzaa. Udadisi wa aina nyingine haumgharimu mtu chochote. Huu unagharimu jina, na pengine kura, na ndiyo sababu ni adimu.

Busia iliendelea kuwa shule ya swali hilo. Kuanzia mwaka 1998, shule 75 za eneo la Budalangi na Funyula zilipangwa katika makundi matatu yaliyopewa dawa za minyoo kwa zamu, na safari hii jibu lilikuwa tofauti: utoro ulipungua kwa takriban robo, na hata watoto ambao hawakunywa dawa walinufaika kwa kuwa minyoo ya kuambukizana ilipungua kijijini. Alama za mitihani, hata hivyo, hazikupanda. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianza kugawa dawa hizo shuleni kwa mamilioni ya watoto, India nayo ikafuata njia hiyo baadaye, na mwaka 2019 Kremer, aliyewahi kufundisha katika shule ya sekondari huko Kakamega miaka ya 1980, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Mwaka 2015 watafiti wengine walizipitia upya takwimu za utafiti wa minyoo, wakakuta makosa, na ukazuka mabishano makali yaliyowagawa wataalamu. Sioni aibu yoyote katika hilo. Jibu lililokwisha kutukuzwa lilirudishwa mezani likahojiwa upya hadharani, na mwenye kazi akalazimika kuitetea. Ningependa kuona ripoti moja tu ya mradi wa kaunti ikitendewa hivyo.

Mfano ninaoupenda zaidi, hata hivyo, ni wa mbolea, kwa sababu unaingia mfukoni mwa kila nyumba kuanzia Bungoma hadi Migori. Kwa miaka mingi wakubwa wa kilimo walilalamika kwamba mkulima wa magharibi hatumii mbolea ya kutosha. Maelezo yalikuwa mengi na karibu yote yalimlaumu mkulima: hana elimu, ni mvivu, ameshikilia mazoea ya babu zake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Kremer, Duflo na mwenzao Jonathan Robinson, wakifanya kazi na wakulima wa Busia, walianza kwa kuuliza kama mbolea yenyewe inalipa katika shamba la mkulima, mbali na mashamba ya majaribio ambako kila kitu hufanywa kwa wakati wake. Walikuta kwamba kiasi kidogo tu, chini ya kijiko kimoja cha chai kwa kila shina, kikiwekwa mahindi yakiwa yameshaota, kinalipa vizuri sana. Walikuta pia kwamba kifurushi kamili kilichokuwa kikipendekezwa na wizara, cha mbegu za kisasa na mbolea ya kupandia pamoja na ya kukuzia, hakikumletea mkulima wa kawaida faida. Kwa maneno mengine, mkulima aliyeitwa mkaidi kwa kutofuata ushauri wote huenda alikuwa amepiga hesabu yake sawasawa kuliko aliyemshauri.

Ikabaki swali la pili. Kama kiasi kidogo kinalipa, mbona hakinunuliwi? Wakulima wengi walijibu kwamba walikusudia kununua, ila wakati wa kupanda ulipofika hawakuwa na pesa. Afisa asiye mdadisi angeliandika jibu hilo chini ya kichwa cha umaskini, akafunga daftari. Lakini jibu hilo lina swali jingine ndani yake: pesa huwapo lini? Anayeishi huku anajua. Mahindi yanapovunwa na magunia mawili matatu kuuzwa, mkononi huwa na kitu. Baina ya mavuno na mvua zinazofuata kuna karo, kuna matanga, kuna mtoto wa ndugu aliyelazwa, kuna paa linalovuja, na ifikapo Machi ile noti iliyokuwa imetengewa mbolea imeshakwenda zake. Basi jaribio lililofuata likawa jepesi kiasi cha kushangaza. Mkulima alifikiwa nyumbani mara tu baada ya mavuno, akauziwa hati ya mbolea kwa bei kamili ya dukani, na mbolea yenyewe ingeletwa bila nauli siku atakapoihitaji. Mpango huo uliongeza matumizi ya mbolea kwa kiwango ambacho punguzo la nusu ya bei, lililotolewa baadaye katika msimu, halikukipita.

Huhitaji kuwa mwanauchumi kuona maana ya jambo hilo kwa bajeti ya serikali. Swali moja kuhusu mwezi lilifanya kazi ya ruzuku nzima. Mwaka 2023 mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku ulishushwa hadi shilingi 2,500, ilhali mwaka 2022 bei ya dukani ilikuwa imepita shilingi 6,000, na mtu asiyeona nafuu hiyo hanunui mbolea. Lakini msimu baada ya msimu wakulima hulalamika kwamba ghala liko mbali, nauli ya kuusafirisha mfuko inakula sehemu ya punguzo, na shehena inafika mvua zikiwa zimeshaanza. Mjadala katika vikao vyetu hubaki juu ya bei. Sijawahi kumsikia mwakilishi wa wadi akiuliza ni mwezi gani watu wa wadi yake wana pesa mkononi, ingawa ni swali ambalo mama yake mzazi angelijibu kabla chai haijapoa.

Kuna udadisi wa aina nyingine, wa kuona jambo usilolitafuta, na huo nao una makao huku kwetu. Upande wa kusini wa Ghuba ya Winam ya Ziwa Viktoria, pale Mbita, kiko kituo cha utafiti wa wadudu chenye jina la Thomas Odhiambo, mwanasayansi Mkenya aliyeianzisha ICIPE, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa wadudu, mwaka 1970 kwa imani kwamba sayansi ya hali ya juu inaweza kufanywa hapa nyumbani na watu wa hapa. Mwaka 1987 alishiriki na Rais Abdou Diouf wa Senegal tuzo ya uongozi wa Kiafrika katika vita dhidi ya njaa, na inanifurahisha kwamba tuzo ya uongozi ilimwendea mtu aliyetumia maisha yake kuwachungulia wadudu. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Mbita, wakiongozwa na Zeyaur Khan, walikuwa wakitafuta mimea ya kuwafukuza nondo ambao viwavi wao hutoboa mabua ya mahindi. Walipanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari ya mahindi ili harufu yake iwafukuze nondo, na nyasi za nepia kandokando ya shamba ili ziwavute nje. Mpango ulikuwa wa wadudu tu. Kisha wakagundua kitu ambacho hakikuwamo katika mpango wao: palipokuwa na desmodiamu, striga, gugu la vimelea, ilikuwa imepungua mno, ile ya maua ya zambarau ambayo Waluo huiita kayongo na ambayo imeyanyonya mahindi na mtama wa eneo hili vizazi na vizazi.

Mtu aliyetumwa kuhesabu viwavi angeweza kuhesabu viwavi na kurudi nyumbani. Hawa walisimama. Miaka ya kazi iliyofuata ilionyesha kwamba mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoziamsha mbegu za striga zichipue, na nyingine zinazoizuia isijishike kwenye mzizi wa mahindi, hivyo inakufa ikiwa changa. Kwa kuwa mmea mmoja wa striga hutoa maelfu kwa maelfu ya mbegu zinazoweza kulala ardhini kwa zaidi ya miaka 10, njia ya kuzimaliza mbegu zikiwa bado udongoni ina thamani kuliko kung'oa magugu msimu hadi msimu. Mkulima anayeitumia hupata pia lishe ya ng'ombe kutoka kwa mimea yote miwili, na udongo wenye naitrojeni zaidi. Hayo yote yalianzia kwenye jicho lililokubali kutazama nje ya fomu. Fomu za ripoti nilizoziona katika ofisi zetu za umma zina nafasi ya idadi ya walionufaika, kiasi cha fedha kilichotumika na asilimia ya kazi iliyokamilika. Hazina mstari wa mtu wa nyanjani kuandika nini kingine amekiona, na akikiona hana pa kukipeleka.

Tatizo halianzii kwenye fomu, bila shaka. Linaanzia kwenye woga wa cheo. Katika ofisi nyingi mtu hupanda ngazi kwa kuonekana anajua, na kadiri anavyopanda ndivyo anavyozungukwa na watu ambao kazi zao zinategemea furaha yake. Naibu haulizi mbele ya mkurugenzi kwa sababu swali litaonekana kama shutuma; mkurugenzi haulizi mbele ya naibu kwa sababu litaonekana kama ujinga. Hivyo kikao cha saa tatu humalizika kila mtu akiwa amekubaliana na karatasi ambayo huenda hakuna aliyeisoma yote. Methali yetu inasema kuuliza si ujinga, na tunaifundisha darasani kwa bidii, kisha mtoto akiuliza mara ya pili anaambiwa anapoteza wakati wa wenzake.

Namjua mwalimu mkuu mmoja wa upande wa Nyando ambaye ameukwepa mtego huo bila nadharia yoyote. Kila muhula hutenga asubuhi moja ya kukaa jikoni na mpishi na mlinzi. Siku moja alimwuliza mpishi kwa nini githeri ya Jumanne hurudi kwenye sahani, ilhali ya Alhamisi huisha yote. Mpishi akamjibu kwamba kuni huletwa Jumanne alfajiri zikiwa mbichi, moto haushiki vizuri, na maharagwe hayaivi. Watoto wanachagua mahindi na kuacha maharagwe. Kuni sasa huletwa Ijumaa na kukauka mwishoni mwa wiki. Hakukuwa na semina, wala mshauri wa kulipwa, wala bajeti ya ziada. Alikuwapo mtu mwenye mamlaka aliyeketi kwenye kigoda cha jikoni na kuuliza jambo ambalo walio chini yake walikuwa wanalijua kwa muda mrefu, nao hawakuwahi kuulizwa.

Lazima niseme pia kwamba si kila anayeuliza ni mdadisi. Nchi hii ina mapenzi makubwa na kamati, tume na vikosi kazi, na nyingi huundwa siku ambayo kiongozi anataka jambo fulani lisahaulike kwa utaratibu. Alama ya kuzitambua ni nyepesi: angalia kama aliyeiunda amesema mapema atafanya nini ikiwa jibu litakuwa hili, na atafanya nini ikiwa litakuwa lile. Asiposema, hakuwa anauliza.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao hausemwi vya kutosha. Magharibi mwa Kenya pameulizwa sana. Katika vijiji vya Siaya na Busia, kijana mwenye kishikwambi si mgeni wa ajabu. Hufika, hupewa kiti chini ya mwembe, na kuanza: nyumba ina vyumba vingapi, paa ni la nini, wiki iliyopita mlitumia shilingi ngapi kununua sukari, kuna siku mtu mzima alilala bila kula? Mama hujibu kwa subira, kwa sababu mgeni ni mgeni. Baadaye matokeo huchapishwa kwa Kiingereza katika majarida ambayo pengine hata chifu wa eneo hilo hajui yapo. Baadhi ya tafiti hizo zimeacha faida inayoonekana. Vyandarua vyenye dawa vilivyojaribiwa Asembo na Gem katika miaka ya 1990 vilipunguza vifo vya watoto wadogo, na matokeo hayo yaliingia katika sera za nchi nyingi. Lakini desturi yenyewe ya kuuliza, ule ujuzi wa kulinganisha kabla na baada, walipokuwa na kitu na walipokosa, haijahamia katika ofisi zetu za kata na wadi. Tumekuwa shamba la maswali ya wengine bila sisi kuyapanda ya kwetu.

Katiba ya 2010 ilikusudia kulirekebisha hilo kwa njia ya ushiriki wa umma, na ni vyema kutazama kwa karibu jinsi unavyofanyika. Katika wadi moja ya huku kwetu, mkutano wa bajeti uliotangazwa kuanza saa tatu asubuhi ulianza karibu na saa sita. Watu walitia sahihi kwenye orodha kabla ya kusikia lolote, na kwa kuwa orodha ndiyo ushahidi kwamba umma umeshirikishwa, nadhani kwa baadhi ya waandalizi mkutano ulikuwa umekwisha hapo. Waraka wa bajeti ulikuwapo, nakala moja, kwa Kiingereza, mezani mbele ya wakubwa. Baada ya hotuba, mfawidhi alitangaza kwamba muda umetupa mkono na yatachukuliwa maswali matatu pekee: moja la kina mama, moja la vijana na moja la watu wenye ulemavu. Mama mmoja aliyekuwa na kikapu miguuni akasimama. Alisema kwamba kisima cha kijiji chao kimeandikwa kimekamilika, na kweli kilichimbwa, wakanywa maji yake kwa muda. Sasa pampu haipo, na wangependa kujua ilipelekwa wapi. Afisa akamshukuru kwa swali zuri sana na kumhakikishia kwamba litafuatiliwa. Kipaza sauti kikapelekwa kwa kijana.

Kila aliyekuwa ndani ya ukumbi ule alilisikia kama lalamiko. Mimi nililisikia kama takwimu bora zaidi iliyotolewa siku ile. Mama alikuwa amewaambia, bila kulipwa posho, kwamba safu iliyoandikwa asilimia 100 katika waraka wao haielezi ukweli. Afisa mwenye udadisi angemzuia asiketi: iliondolewa lini, ilikuwa imeharibika au ilikuwa nzima, nani alikuwa na ufunguo, mnachota wapi sasa, na je, visima vingine vilivyochimbwa mwaka uleule vina pampu? Swali hilo la mwisho ndilo lenye uzito, maana kisima kimoja ni bahati mbaya na visima vitano ni mkataba mbaya. Badala yake, bajeti iliyofuata ilitenga fedha za visima vipya.

Udadisi huo unafaa pia kurudi nyuma kwa wakati. Mvua kubwa za kuanzia mwaka 1961 zilipandisha maji ya Ziwa Viktoria kwa zaidi ya mita mbili, hata kufikia rekodi mwaka 1964. Kisha maji yakashuka taratibu, watu wakasogea, vibanda vikajengwa, hoteli zikajengwa, ramani za viwanja zikachorwa. Mei 2020 ziwa lilirudi kwenye kiwango kilekile cha 1964, na wenyeji wa fuo za Kisumu, Homa Bay na Busia wakahama makwao. Serikali na vyombo vya habari vililiita jambo lisilotarajiwa. Vipimo vya ziwa hilo vimewekwa tangu mwishoni mwa karne ya 19, na wapo wazee waliokuwa vijana mwaka 1964 ambao wangeweza kuonyesha kwa kidole mti ambao maji yalifika. Huko Nakuru, ambako ziwa lilianza kupanda mwanzoni mwa miaka ya 2010 hadi kulifunika lango kuu la mbuga na baadaye kuingia katika makazi ya Mwariki, kulikuwa na watu waliokuwa na hati miliki halali za ploti zilizokuja kuwa maji. Hati haionyeshi ziwa lilifika wapi enzi za babu. Afisa wa mipango anayeidhinisha mchoro angeweza kuuliza, lakini hakuna kifungu kinachomlazimu, na kwa mtu asiye mdadisi kisichomlazimu hakipo.

Najua jibu la wanasiasa, nao hawakosei kabisa. Wanasema mpiga kura hamsamehe kiongozi anayekiri kwamba mradi haukufaulu. Mpinzani atalichukua neno hilo na kulipigia kampeni miaka mitano. Gavana akisema hadharani kwamba alitumia milioni kadhaa kwa jambo ambalo halikubadilisha chochote, kesho yake ataitwa mwizi, ilhali yule aliyenyamaza ataitwa mchapakazi. Ni kweli, na lawama hapo ni yetu. Tunapokutana na waheshimiwa kwenye matanga na harambee tunawauliza wametuletea nini. Hatuwaulizi kile walicholeta mwaka juzi kilifanya nini. Tukimpima mtu kwa idadi ya utepe aliokata, atakata utepe. Wapiga kura wakianza kuuliza swali la pili, kiongozi aliye tayari na jibu, hata likiwa jibu chungu, atakuwa na la kusema ambalo mpinzani wake hana.

Sheria imeshafungua njia ya kuanzia, ingawa wachache wanaitumia. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa taasisi ya umma. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Huombwi kueleza sababu, hulipi ada ya kuomba isipokuwa gharama ya nakala, na asiyeweza kuandika anaweza kulisema mdomoni afisa akaliandika. Taasisi ina siku 21 za kujibu. Ikikataa au ikinyamaza, unaweza kupeleka shauri kwa tume inayosimamia haki katika utawala, ambayo wengi huiita ofisi ya Ombudsman.

Kila mwaka mpango wa maendeleo wa kaunti hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na ndani yake ndimo miradi ya mwaka unaofuata huchipukia. Kikundi cha kina mama wa soko, au chama cha wazazi wa shule moja, kikiandika barua katika wiki ya kwanza ya Agosti, siku 21 zitakuwa zimekwisha kabla mpango huo haujawasilishwa. Barua haihitaji kuwa ndefu. Iombe orodha ya visima, zahanati au masoko yaliyoandikwa kuwa yamekamilika katika wadi hiyo kwa miaka mitatu iliyopita, jina la aliyepewa kazi, tarehe ya malipo ya mwisho, na tarehe ambayo mtu wa kaunti alifika kwa mara ya mwisho kutazama kama kitu hicho bado kinafanya kazi. Nakala moja mpeni mwakilishi wa wadi yenu, mkononi, na mumwombe asome mstari huo wa mwisho akiwa papo hapo.